Nyongeza ya Mheshimiwa Buku

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na majiko yao, vitanda vyao na majirani wa kugombana nao, alikuwapo mfanyabiashara mmoja wa chumvi katika nchi ya Nyikapana. Jina lake Panya Buku. Mnamjua Panya Buku? Yule panya mwenye mifuko mashavuni. Kwa panya wenzake ni jitu, lakini akisimama mbele ya Kifaru hafiki hata kwenye ukucha.

Mashavu hayo ndiyo yaliyomlisha. Asubuhi alikwenda kwenye majabali ya chumvi, akajaza shavu la kulia, akajaza shavu la kushoto, akarudi sokoni amevimba uso, hata salamu hawezi kuitikia. Akifika kibandani kwake anatema, pu! na pu! Kisha anaita:

"Njooni, njooni! Chumvi nyeupe! Chumvi ya kukoleza mboga na kuinua wagonjwa!"

"Lakini umeitema mdomoni, Bwana Buku," mteja mgeni akalalamika.

"Ndiyo maana imekolea, mama! Karibu, karibu!"

Na mteja akanunua. Kwa Buku hakuna aliyepata bei aliyoitaka, na hakuna aliyeondoka amenuna. Isipokuwa mteja mmoja ambaye ndiye aliyemwacha Buku mwenyewe amenuna. Huyo alikuwa Bi. Kanga, mjane mwenye madoadoa na vifaranga wasiokwisha. Bi. Kanga hakupatana bei hata siku moja.

"Bi. Kanga, kibaba hiki cha chumvi nipe kapu la mtama."

"Haya."

"Kapu zima, Bi. Kanga?"

"Si umesema kapu? Hili hapa."

Kisha Bi. Kanga anafungua mkoba wake, anainamisha shingo na kuuliza kwa sauti nyororo: "Na nyongeza?"

Sasa ninyi mnajua mambo ya nyongeza. Ukishanunua, muuzaji anakutilia kidogo juu. Hukulipia, wala si zawadi. Ni adabu ya sokoni. Nyikapana nzima, muuzaji akinyima nyongeza mbele ya watu anaitwa bahili mpaka wajukuu zake waitwe wajukuu wa bahili.

Buku anatia konzi moja.

"Hiyo tu, Bwana Buku? Na mimi nimekulipa bila kukusumbua?"

Buku anatia nyingine.

"Jamani, na watu wanatuangalia."

Buku anatia, anatia, anatia. Bi. Kanga anaondoka na nyongeza kubwa kuliko kibaba chenyewe, kwa mwendo wa maringo, tiki tiki tiki, na Buku anabaki anajikuna kisogo. "Huyu mama," anajiuliza, "amenunua au ameniibia?"

Basi, kiangazi kikaingia. Si kiangazi cha mchezo. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki dimbwi moja tu, Dimbwi la Kati. Na dimbwi hilo lilikuwa na sheria iliyotungwa na Baraza Kuu, na Baraza Kuu lilikuwa la nani? La Tembo, Kifaru, Nyati na Kiboko. Sheria ilisema: wakubwa wanywe kwanza mpaka watosheke, ndipo wadogo wanywe.

Haya niambieni, Kiboko atatosheka lini, na yeye anaishi humo humo majini?

Wakubwa waliingia na miguu yao, wakaoga, wakapiga chafya, wakajisaidia. Nisameheni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wadogo walipofika jua likizama walikuta tope. Mtoto wa Digidigi alikunywa tope lile, akaumwa tumbo hata akashindwa kusimama kwa miguu yake. Inauma, wanangu. Inauma kweli.

Na asiyetii je? Mvunja sheria alifukuzwa dimbwini kiangazi kizima, awe mkubwa awe mdogo. Ngiri alipiga funda moja tu kabla ya zamu. Funda moja! Tangu hapo alikuwa analamba umande kwenye majani, na pembe zake zote mbili zimelegea.

Wadogo walikuwa na nafasi yao barazani. Ilikuwa kigoda kimoja, kidogo, kilichowekwa nyuma kabisa. Aliyekikalia alikuwa Kobe, hadi siku Kifaru alipokosea akakikalia yeye, na Kobe yumo juu yake. Gamba lilimwokoa, lakini alipochomolewa alisema maneno matatu: "Naacha kazi, jamani." Akaenda zake. Mpaka leo hajafika nyumbani.

Basi kigoda kikawa kitupu, na Buku akajitokeza kukigombea. Msidhani alifanya hivyo kwa huruma. Hapana! Biashara ilikuwa imekufa. Nani anunue chumvi na hana maji ya kunywa baada yake?

Wadogo wakakutana kumjadili.

"Huyu mchuuzi?" Nungunungu akafoka, miiba yote imesimama. "Ameniuzia chumvi yenye mchanga!"

"Ukairudisha?" Kindi akauliza.

"Nilikwenda kuirudisha. Akaniambia mchanga ule unasafisha meno."

"Ukaamini?"

Nungunungu akatazama chini. "Nikanunua kibaba kingine."

Wadogo wakatazamana. Kisha wakapiga kelele kwa pamoja: "Huyo huyo! Huyo huyo ndiye tunayemtaka!"

Hivyo ndivyo muuza chumvi alivyogeuka kuwa mheshimiwa.

Siku ya kwanza Buku alikwenda barazani amejipaka mafuta masharubu, na kwa mazoea amejaza chumvi mashavuni. Baraza lilikaa ufukoni, pale pale kwenye udongo laini wa dimbwi, ili wakubwa wapoze nyayo. Wadogo walisimama kwa mbali kutazama.

"Mbbb mmshmmwa Spbba," Buku akaanza.

"Tema kwanza, Mheshimiwa," akasema Tembo, ambaye ndiye alikuwa Spika.

Pu! na pu! Wakubwa wakacheka hadi maji yakatikisika. Buku akasimama juu ya kigoda, akapiga magoti, akaunganisha mikono.

"Waheshimiwa, nawaomba. Nawasihi. Watoto wetu wanakunywa tope. Turuhusuni tunywe alfajiri, kabla maji hayajatibuliwa."

"Hoja imesikika," akasema Tembo. "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyo," akasema Buku, peke yake.

"Wanaokataa?"

"SIYOOOO!"

Upepo wa ile siyo ukamwangusha Buku kutoka kwenye kigoda, bilingi bilingi, akaishia kifudifudi karibu na mguu wa Tembo. Hivyo ndivyo Baraza Kuu lilivyopiga kura: mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Hesabu haikuwahi kufanyika, wala haikuhitajika.

Tembo akanyanyua mguu kwenda zake. Palipokuwa na mguu pakabaki shimo la unyayo, na mbele ya pua ya Buku shimo lile likaanza kutoa maji, churu, churu, churu. Maji yaliyochujwa na mchanga. Yalikuwa safi, hata aliona masharubu yake mwenyewe humo. Buku akatazama kulia, akatazama kushoto, akachovya ulimi.

Lo! Yalikuwa matamu.

Akaokota chumvi yake akarudi nyumbani.

"Ulisemaje huko?" mkewe akamuuliza mlangoni.

"Niliwaomba."

"Uliwaomba! Baba Watoto, umewahi kuuza chumvi kwa kumwomba mtu?"

"Sijawahi."

"Basi imekuwaje?"

Pale jikoni mtoto wao wa mwisho alikuwa ameingiza kichwa kizima ndani ya kata kavu, analamba, krr, krr, krr, na ndani hamna kitu. Buku alipoisikia sauti ile alisahau chumvi, akasahau biashara. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akamchomoa mtoto, akampakata.

"Mke wangu," akasema hatimaye, "pale sokoni, nani amewahi kunishinda?"

"Bi. Kanga. Kila mtu anajua."

"Alinishindaje?"

"Alikubali kila ulichotaka, halafu akaomba kidogo."

Masharubu ya Buku yakaanza kucheza. Kwanza la kulia, halafu la kushoto, halafu yote.

"Ala! Mbona unacheka peke yako?"

"Nimekumbuka unyayo," akasema Buku.

Baraza lilipokaa tena, Buku alipanda kwenye kigoda kifua mbele.

"Mheshimiwa Spika! Nina hoja. Nataka Dimbwi la Kati lote liwe la wadogo. Wakubwa wakatafute maji kwingine!"

Hata Kiboko aliacha kutoa mapovu. Kisha palilipuka.

"NINI?"

"Amelewa huyu?"

"Mkanyageni!"

"Basi nusu," Buku akasema upesi.

"Nusu!" Nyati akafoka. "Hata robo hupati!"

"Robo? Asante, Mheshimiwa Nyati, nimechukua robo!"

"Nimesema HUPATI!"

"Basi tunywe asubuhi peke yake."

"Siyo!"

"Mchana, mkiwa mmesinzia?"

"Siyo!"

"Basi Mheshimiwa Kiboko asogee kidogo tu, hivi, akunje kiuno."

"Siyo! Siyo! Siyo!"

Kumbe kupatana bei kuna utamu wake! Wakubwa hawakuwahi kujua. Wao walizoea kusema siyo mara moja na kwenda kulala. Sasa wakaanza kunogewa. Kifaru alikuwa anarukaruka. Kiboko alitoka majini nusu mwili apate kusikia vizuri.

"Mshusheni zaidi!" Kifaru akapaza sauti. "Zaidi! Wadogo wasikaribie dimbwi mpaka sisi tumalize kunywa na kupiga miayo!"

"Mnaniumiza," akasema Buku. "Haya, nimekubali."

"Na watupepee kwa majani!" Nyati akadakia.

"Jamani! Haya, nimekubali."

"Na waniimbie nikioga!" akasema Kiboko.

"Mnaniua. Haya. Nimekubali na hilo."

Buku akakaa kwenye kigoda, mabega yamelegea. Machozi yakaanza kumtoka, tone tone. Wala msimwonee huruma. Alikuwa ameficha punje ya chumvi kwenye kona ya jicho. Huku nyuma wadogo walikuwa wanalia kwelikweli.

"Ametuuza!" Nungunungu akapiga yowe. "Mchuuzi ametuuza!"

"Nyamaza wewe," Bi. Kanga akamwambia, shingo ameinyoosha mpaka mwisho. "Hajamaliza kununua."

Buku akafuta machozi.

"Waheshimiwa," akasema kwa sauti ya mgonjwa, "mmenimaliza. Nimechukua bei yenu yote, sikubakiza. Mfanyabiashara mimi, sijawahi kupigwa namna hii." Akavuta kamasi. Kisha akainamisha shingo. "Na nyongeza?"

"Nyongeza gani?" akauliza Tembo.

"Ile ya kawaida, Mheshimiwa. Kidogo tu. Kila mlipokuja kibandani kwangu mliniambia, 'Buku, na nyongeza?' Na mimi niliwahi kuwanyima? Mheshimiwa Kifaru, si hulamba chumvi ya ulimi mzima?"

Kifaru akaona haya. "Kweli hulamba," akakiri.

"Unataka nini?" Tembo akauliza.

"Nyayo zenu."

"Nyayo?"

"Mashimo tu, Mheshimiwa. Popote mkubwa alipokanyaga hapa ufukoni, akishanyanyua mguu, shimo la unyayo wake liwe la wadogo. Mkubwa asinywe humo wala asilikanyage tena. Basi, sina jingine."

Wakubwa wakatazamana, kisha wakapasuka kwa kicheko. Ha ha haa! Hu hu huu! Kiboko alicheka mpaka akameza kambare mzima.

"Anaomba mashimo!"

"Mpeni mashimo yake!"

"Ngoja kwanza," akasema Nyati, aliyekuwa na akili kidogo. "Tulifikirie jambo hili. Mbona..."

"Tufikirie nini?" Kifaru akamkatiza. "Unataka kunyima nyongeza mbele ya watu? Tazama, soko zima limesimama pale! Unataka tuitwe mabahili?"

Nyati akatazama soko zima, akameza mate. "Hapana, sikusema hivyo."

"Wanaoafiki waseme ndiyo!" Tembo akatangaza.

"NDIYOOOO!"

Sauti ile iliwafukuza ndege hadi nchi jirani. Na kwa kuwa sheria ya Nyikapana lazima ipigwe muhuri, Tembo akanyanyua mguu wake wa mbele wa kulia, juu, juu zaidi, akaushusha mbele ya baraza zima.

PUUU!

Huo ndio uliokuwa muhuri. Sheria ikishapigwa muhuri haibadiliki mpaka baraza zima likubaliane.

"Asante, Mheshimiwa Spika," akasema Buku. "Sasa tafadhali ondoa mguu. Taratibu. Ahaa. Na usiurudishe hapo, hapo ni petu."

Shimo likajaa, churu, churu, churu. Buku akamwita Mama Digidigi, akaja amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto akainama kwenye muhuri wa sheria, akanywa. Akanywa, akapumua, akanywa tena. Halafu akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Mama Digidigi akalia kwa furaha.

Kifaru bado alikuwa anacheka. Alicheka njia nzima hadi kwake.

Kesho yake asubuhi akaja kunywa. Tifu, tifu, tifu, akashuka mpaka majini, akanywa mpaka akatosheka, akapiga miayo yote kama sheria ilivyosema. Akageuka arudi.

"Hodi, Mheshimiwa!" akaita Kindi, ameketi kando ya shimo na kikombe mkononi. "Hapo ni petu."

Kifaru akasogeza mguu kando.

"Na hapo ni petu!" akaita Nungunungu. "Ulipita hapo ukija."

Kifaru akasogea tena kando, akapata pa kukanyaga, tifu. Akanyanyua mguu. Churu, churu.

"Asante, Mheshimiwa! Umetuongezea jingine!"

Mnaona mambo hayo? Kila hatua ya mkubwa ilikuwa inahamia kwa wadogo. Akija anatoa, akirudi anatoa. Na miguu ni minne! Wadogo walizungushia kila shimo vikokoto ili lisisahaulike. Bi. Kanga alipata unyayo wa Nyati, akaufanya bafu la vifaranga. Mke wa Buku alichagua unyayo wa Kifaru karibu na majani, akafulia humo. Na kwa kuwa wadogo sasa wana maji yao, safi, yaliyochujwa, nani alikuwa na haja ya kusubiri zamu?

Wakubwa nao walianza kutembea kwa ncha za kwato. Mngemwona Nyati! Ameshika pumzi, tumbo linatetemeka, anaruka kutoka kisehemu kikavu hadi kingine, na kila anapotua, tifu! kile kisehemu nacho kimekwenda.

"Usinikanyagie bafu!" Bi. Kanga anamfokea.

"Samahani, mama! Samahani!"

Siku zikapita kidogo, ufuko ukaisha. Ulikuwa mashimo na vikokoto kotekote. Kifaru alikwama kwenye kipande kimoja kidogo, miguu mitatu chini, mmoja juu. Tembo naye alikwama upande wake, amekumbatia mkonga. Nyati alikuwa nje kabisa, ana kiu, hana pa kupitia. Na Kiboko alikuwa ndani ya maji, hawezi kutoka kwenda kula.

"Jamani!" Kiboko akalia. "Nina njaa! Nani aliipitisha sheria hii?"

"Wewe ulisema ndiyo kuliko wote!" Nyati akamjibu toka nje.

"Tuivunje tu!" Kifaru akanguruma.

Wakamtazama Ngiri kule mbali, analamba umande, pembe zimelegea. Hakuna aliyesema tena habari ya kuvunja.

"Mwiteni Mheshimiwa Buku," akasema Tembo kwa unyonge.

Buku akaja, ameongozana na mkewe na wanawe, anaruka shimo hadi shimo bila wasiwasi. Akapanda kigoda chake.

"Njooni, njooni, wateja wangu!" akaita. "Mnatafuta nini leo?"

"Njia," akasema Tembo. "Njia moja tu ya kupita."

"Njia ipo. Bei yake ni hii: wadogo wanywe dimbwini alfajiri, kabla maji hayajatibuliwa. Mheshimiwa Kiboko akae upande wa pili mpaka tumalize. Hakuna kuoga tunapochota, wala kupepewa wala kuimbiwa. Na Ngiri asamehewe, arudi leo hii."

"Ghali mno!" Kifaru akafoka, akapiga mguu chini kwa hasira. Tifu!

"Asante, Mheshimiwa," akasema Buku. "Hilo nalo ni letu."

"Sikubali!" Tifu!

"Na hilo."

Kifaru akatazama chini. Kipande chake kilikuwa kimebaki cha kusimama miguu miwili, na yeye hakuwahi kujifunza kusimama kwa miguu miwili. Akaanza kuyumba, akapepesuka.

"Nakubali!" akapiga kelele. "Nakubali, nakubali! Spika, uliza upesi!"

"Wanaoafiki?"

"Ndiyo," wakasema wakubwa, kwa sauti ndogo ajabu.

"NDIYOOO!" wakaitika wadogo wote kutoka kwenye mashimo yao.

Tembo akataka kunyanyua mguu apige muhuri. Akafikiri. Akauacha pale pale ulipokuwa, akapiga muhuri kwa ncha ya mkonga: pwa. Tangu siku ile Baraza Kuu hupiga mihuri kwa mkonga. Wadogo wakafukia mashimo ya njia moja, wakubwa wakapita mmoja mmoja, vichwa chini, na Kiboko akakimbilia majani huku analia kwa furaha.

"Na nyongeza?" Kifaru akanong'ona alipokuwa anapita. Alikuwa ameanza kujifunza.

"Ipo!" akasema Buku. Akatema kwenye kiganja, pu! akampa konzi ya chumvi. Kifaru akailamba yote, akapata kiu hapo hapo, akasimama kusubiri zamu yake. Chumvi ikaanza tena kununuliwa Nyikapana.

Hapo hadithi ingeisha vizuri. Lakini Buku, ah, Buku! Sifa zikamwingia. Alianza kuvaa kofia. Alitaka aitwe Mheshimiwa hata na mkewe, hata akiwa anakula. Kibandani alifika amechelewa, na mchanga ukarudi kwenye chumvi. Kifaru akaanza kumwalika kwake kwa uji. Siku moja alipotoka huko, ameshiba, alimwambia Nungunungu: "Sisi wakubwa tumeona kwamba wadogo wanaweza kusubiri kidogo asubuhi. Jua lichomoze kwanza."

Sisi wakubwa! Mmemsikia?

Bi. Kanga naye alisikia. Siku ya soko akaja kibandani, soko limefurika, tiki tiki tiki.

"Nipimie chumvi, Mheshimiwa."

"Makapu mawili ya mtama," akasema Buku, bila hata kutazama.

"Haya."

"Na maharage juu yake."

"Haya, haya hapa."

Manyoya ya mgongoni mwa Buku yakaanza kusimama, moja baada ya jingine. Akalikumbatia gunia la chumvi kwa mikono yote miwili.

Bi. Kanga akainamisha shingo. "Na nyongeza?"

"Konzi moja!" Buku akasema upesi. "Mbili! Chukua tatu, Bi. Kanga, usinisumbue!"

"Chumvi yako sina haja nayo zaidi. Naomba kitu kidogo tu. Kile kigoda cha barazani, nikikalie mimi badala yako."

Soko lote likageuka kutazama. Buku akamtazama Nungunungu, Nungunungu anamtazama. Akamtazama Kindi; Kindi anamtazama. Hata Kifaru, aliyekuja kununua, alikuwa amenyoosha masikio.

"Bi. Kanga," Buku akanong'ona, "mbele ya watu?"

"Hasa mbele ya watu," akasema Bi. Kanga.

Buku akavua kofia. Akaitazama kwa muda. Kisha, na hapa ndipo nilipompenda tena, masharubu yake yakaanza kucheza, la kulia, la kushoto, yote mawili, akacheka mpaka chumvi ikamtoka mashavuni.

"Umeninunua, mama," akasema. "Nenda kakae. Ila alfajiri, maji ni ya wadogo?"

"Alfajiri," akasema Bi. Kanga, "kabla jua halijachomoza."

Na mpaka leo kwenye kigoda kile anakaa Bi. Kanga, na wakubwa wakimwona anainamisha shingo wote hushika viti vyao. Mimi niliyasikia haya nikiwa kwenye foleni ya chumvi, na nyongeza yangu ndiyo hili funzo: usimcheke anayeomba kidogo mpaka ujue hicho kidogo ni nini.